Hambaka ya brijini: namna ya kuchagua pikapu itakayoendana na gitaa lako

Kabla hujatoa hela yoyote, chukua bisibisi kwanza. Watu wengi sana wanalalamika pikapu (kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) ya brijini, yaani ile iliyo karibu na nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, ina sauti nyembamba, inachoma masikio, wakati shida ni kwamba imekaa chini mno, au imepandishwa mpaka inakaribia kugusa nyuzi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, halafu pima nafasi kati ya uzi na kichwa cha skrubu ya pikapu: upande wa uzi mwembamba anzia kama milimita 1.6, upande wa uzi mnene kama 2.4. Piga, zungusha nusu mzunguko skrubu ya pembeni inayopandisha na kushusha pikapu, piga tena, sikiliza. Ukiipandisha sauti inakuwa na nguvu na inashambulia zaidi, ukiishusha inapata hewa na noti zinaachana vizuri. Fanya hivi taratibu kwa jioni nzima ikibidi, ni bure.

Umefanya na bado hujaridhika? Haya, tuongee pikapu.

Karibu na brijini uzi hautikisiki sana kwa sababu ndipo ulipofungwa, kwa hiyo pikapu ya pale inapokea nguvu ndogo na trebo (sauti za juu) nyingi kuliko ya neki, ile iliyo upande wa shingo. Ndio maana watengenezaji wengi wakiuza seti, ya brijini huwa wameizungushia waya mwingi zaidi. Na ndio maana pia pikapu nzuri sana ya neki ukiihamishia brijini inaweza kukuchosha ndani ya dakika chache.

Hambaka yenyewe ni pikapu ya koili mbili za waya, moja imezungushwa kinyume na mwenzake na sumaku yake imegeuzwa, so ule mvumo wa umeme wa hertz 50 au 60 unafutana lakini sauti ya nyuzi inajumlishana. Seth Lover aliitengeneza akiwa Gibson, maombi ya hataza yakapelekwa 1955, magitaa yakaanza kutoka nayo 1957 yakiwa na kibandiko cha Patent Applied For, ndio hizo watu wanaziita PAF mpaka leo. Zilikuwa na waya wa geji 42 (geji ni kipimo cha unene wa waya), sumaku za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), na upinzani wa kama kilo-ohm 7.5 mpaka 8.5 hivi. Kumbuka hizo namba maana karibu kila hambaka ya leo inaelezwa kwa kulinganishwa nazo, hii ni moto (ina nguvu zaidi) kuliko PAF, hii ni PAF iliyoongezwa kidogo, hivyo hivyo.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Swali la kwanza kila mtu anauliza "ina K ngapi?", yaani kilo-ohm ngapi za upinzani, akidhani K nyingi ni nguvu nyingi. Sio hivyo jamani. Upinzani unapanda ukiongeza mizunguko, sawa, lakini unapanda pia ukitumia waya mwembamba zaidi hata kama mizunguko haijaongezeka sana. Angalia mfano huu: JB ya Seymour Duncan inasoma kama K 16 na kitu, ina alniko 5. Super Distortion ya DiMarzio, ambayo ipo tangu miaka ya 1970 mwanzoni, inasoma kama 13.7 lakini ina sumaku ya seramiki, na ukizisikia zote mbili huwezi kusema hiyo ya 13.7 imezidiwa nguvu. Halafu kuna EMG 81 ambayo ina kikuza sauti kidogo ndani yake na inatumia betri ya voliti 9, hiyo ukiipima K yake haikuambii chochote cha maana. Linganisha K pale tu ambapo waya ni geji moja na sumaku ni ya aina moja, zaidi ya hapo ni kujidanganya.

Kitu cha kujua ni kwamba mizunguko ikiongezeka sio sauti tu inapanda, na rangi ya sauti inabadilika, midi (sauti za kati) inajaa na trebo ya juu inakatika. Hii inaweza kuwa dawa au sumu kutegemea na gitaa. Na sumaku nayo ina tabia yake, alniko 2 ni laini, trebo imelainika na besi imelegea kidogo, inapendeza kwa bluzi na roki ya zamani. Alniko 5 ina besi iliyokaza zaidi na juu kunang'aa. Seramiki ni kali na imebana, ukipiga rifu za haraka umelaza kiganja kwenye nyuzi na disto (ule mkwaruzo wa sauti) iko juu kila noti inasikika imekatwa safi.

Kwa hiyo usianze na jina la pikapu, anza na malalamiko yako. Gitaa linang'aa mno, linachoma? Tafuta alniko 2, au iliyozungushwa zaidi kidogo. Gitaa zito, sauti imefunikwa kama limevikwa blanketi? Usiongeze moto hapo, rudi kwenye mizunguko ya kiasi na alniko 5. Unapiga metali na besi inavurugika? Seramiki, au ya betri kama gitaa lina nafasi ya kuweka betri (na hizo za betri zinataka poti, yaani vile vidhibiti vya volyumu na toni, za K 25, sio zile za kawaida).

Maoni yangu, na nayasimamia: wengi wananunua pikapu moto kuliko wanavyohitaji. Zamani pikapu moto ilikuwa na kazi, ampu (vikuza sauti) hazikuwa na geini kubwa, yaani uwezo wa kukuza hadi sauti ikwaruze, so ulihitaji kuzisukuma. Ampu na pedali za leo zina disto ya kumwaga, pikapu moto juu yake inabana kila kitu, na ukipunguza volyumu ya gitaa sauti haisafiki. Kama unapiga vitu mchanganyiko nenda na K 8 mpaka 9, waya geji 42, alniko 5. Pia itaendana na pikapu yako ya neki bila moja kuimeza nyingine unapobadilisha swichi.

Angalia poti pia. Hambaka kawaida inawekewa poti za K 500. Kama gitaa lilikuwa na singo koili (pikapu za koili moja) huenda ndani kuna za 250, na hizo zinakula trebo, unaweza ukailaumu pikapu bure.

Vipimo: pima kutoka katikati ya uzi mnene mpaka katikati ya uzi mwembamba, pale pale juu ya pikapu. Ukipata kama milimita 49 au 50 chukua ya kawaida, ukipata 52 au 53, kama magitaa mengi yenye tremolo (mkono wa kuyumbisha sauti), chukua ile pana. Unapiga na disto kubwa jukwaani? Hakikisha imechovywa nta, isiyochovywa inapiga filimbi ukisogelea ampu.

Ukiweza chukua yenye nyaya nne, unapata kukata (kuzima) koili moja au kuziunganisha sambamba. Ila rangi za nyaya hazifanani kati ya kampuni na kampuni, tafuta mchoro wa kampuni husika kabla hujawasha chuma cha kulehemu. Kwa ya mtumba pima kila koili peke yake kwa multimita, zikaribiane. Moja ikisoma 4 na nyingine haisomi kitu, imekufa hiyo, achana nayo.

Ukishafunga weka swichi katikati, pikapu zote mbili. Sauti ikitoka nyembamba, ya puani, besi imepotea, basi fezi zimepishana, yaani mawimbi ya pikapu hizo mbili yanafutana. Kwa yenye nyaya nne badilishana waya wa moto na ule wa ardhi, lakini ule usio na ganda ubaki kwenye ardhi kila wakati.