Breki za RAV4 ya kizazi cha tatu: tafuta chanzo kabla ya kununua pedi

RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2005 na ambayo sasa familia nyingi za Tanzania zinaitumia, ina breki za diski katika magurudumu yote manne, na ni breki nzuri. Hata hivyo, katika karakana yangu hapa Morogoro ndilo gari ninaloletewa mara nyingi likiwa na pedi mpya pamoja na malalamiko yale yale ya zamani: usukani unatetemeka ukishika breki kwa mwendo mkubwa, gari linavuta upande mmoja, au pedali imekuwa laini na inashuka chini kuliko zamani. Mwenye gari amebadilisha pedi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila mara nafuu imedumu wiki chache tu. Tatizo ni kwamba pedi huumia kwa makosa ya sehemu nyingine, na asiyeitafuta sehemu hiyo ataendelea kununua pedi.

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata mimi mwenyewe, na mwenye gari mwenye vifaa na subira anaweza kufanya sehemu kubwa yake nyumbani, mradi awe na sakafu ngumu iliyo sawa. Unahitaji jeki, stendi mbili imara, spana ya namba 21 ya nati za magurudumu, spana za 14 na 17 za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), brashi ya waya, msasa, grisi maalumu ya breki inayostahimili joto na isiyoharibu mpira, na ikiwezekana spana ya kukazia yenye kipimo.

Hatua ya kwanza: pima pedali gari likiwa limesimama

Fungua boneti na utazame chombo cha mafuta ya breki kabla ya kugusa kitu kingine. Kadiri pedi zinavyolika, pistoni za kalipa husogea nje na mafuta hushuka taratibu ndani ya chombo, kwa hiyo kiwango kilichoshuka kidogo hakimaanishi kwamba kuna uvujaji. Usiharakishe kuongeza, kwa sababu siku utakapoweka pedi mpya na kurudisha pistoni ndani, mafuta yale uliyoongeza yatafurika na kuchubua rangi ya gari. Lakini kama kiwango kinashuka ndani ya siku chache ilhali pedi bado ni nene, upo uvujaji, na gari hilo lisiendeshwe hadi uonekane. Kumbuka pia kwamba taa nyekundu ya breki ya mkono ndiyo hiyo hiyo inayowaka mafuta yanapopungua. Ikiwaka kwenye kona na kuzimika kwenye mnyooko, usidhani ni hitilafu ya waya kabla ya kuangalia chombo.

Sasa kaa kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa, ukanyage pedali mara tano au sita hadi iwe ngumu. Ishikilie chini kwa mguu kisha uwashe injini: ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta, yaani chombo kinachouongezea mguu nguvu, inafanya kazi. Ikibaki ngumu kama jiwe, chunguza bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, pamoja na vali yake ya kuzuia hewa isirudi, kabla ya mtu yeyote kukuuzia busta nyingine. Halafu, injini ikiwa inaunguruma, ikandamize pedali kwa nguvu ya wastani bila kuiachia kwa nusu dakika. Ikizama polepole ilhali hakuna mafuta yanayoonekana nje, raba za ndani za masta silinda, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki, zimechoka. Ikiwa inabonyea kama sponji lakini inakuwa imara zaidi unapoipampu, kuna upepo ndani ya mabomba. Dalili hizi mbili zinachanganywa sana, na nimeona masta silinda nzima zikitupwa kwa sababu ya upepo uliohitaji robo saa tu kuutoa.

Hatua ya pili: endesha, kisha linganisha joto

Endesha kilomita kama kumi ukitumia breki kwa kiasi cha kawaida, usimame mahali salama, kisha usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa la moto waziwazi kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake haiachii. Gurudumu likiwa la baridi kuliko mwenzake, breki yake haishiki, na gari litavuta kuelekea upande wa pili. Andika ulichokiona, kwa maana ukishapandisha gari kwenye stendi ushahidi huo unapotea.

Tofautisha pia mtetemo. Ukiusikia mikononi, kwenye usukani, tuhumu diski za mbele. Ukiusikia kwenye kiti, tuhumu za nyuma. Mpigo wa haraka kwenye pedali unapokanyaga kwa nguvu juu ya mchanga au lami yenye maji ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge (ABS) ukifanya kazi yake, na haupaswi kukutia hofu. Mpigo huo ukitokea kwenye lami kavu muda mfupi tu kabla gari halijasimama, kihisi cha mwendo cha mojawapo ya magurudumu kinasoma vibaya, mara nyingi kwa sababu ya uchafu, kutu, au bearingi iliyoanza kuchoka.

Hatua ya tatu: inua gari na utafute kinachoshika

Legeza nati kabla ya kuinua, zuia magurudumu yanayobaki chini, na uweke stendi mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo chini ya ubavu wa gari. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Zungusha kwa mkono gurudumu ulilolituhumu. Kama ni zito, legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo nyuma ya kalipa, huku mpira mwembamba ukipeleka mafuta kwenye chupa. Gurudumu likiachia papo hapo, kulikuwa na shinikizo lililonaswa: mara nyingi hosi ya breki imevimba ndani, ikawa inapitisha mafuta kwenda lakini haiyarudishi, ingawa kwa nje inaonekana nzima. Likibaki zito, tatizo ni la chuma, yaani pistoni au pini za kalipa, au kwa nyuma breki ya mkono. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili na kimewaokoa wateja wangu wengi wasinunue kalipa zisizohitajika.

Hatua ya nne: fungua kalipa na uzikague pini

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu hapa ndipo matatizo mengi ya gari hili yanapoanzia. Kalipa ya RAV4 hii ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inapoisukuma pedi ya ndani, mwili mzima wa kalipa unatakiwa kuteleza juu ya pini mbili ili uivute pedi ya nje. Gari lililotoka Japani limekaa wiki kadhaa baharini na bandarini, kisha likapita miaka kwenye vumbi na matope, na mipira inayozifunika pini imepasuka bila mtu kuiona. Pini zikishika kutu, pedi ya ndani inafanya kazi ya pedi mbili.

Fungua bolti mbili za kalipa, uiinue na kuifunga kwa waya kwenye springi, kwa maana ikining'inia kwa hosi yake unaiharibu hosi. Toa pedi na uziweke pamoja kwa jinsi zilivyokuwa. Pedi ya ndani ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, ama pini hazitelezi ama pistoni hairudi. Pedi moja ikiwa imelika kwa mshazari, upande mmoja nene na mwingine nyembamba, ni pini moja tu iliyokwama. Hii ndiyo hati ya mashtaka ya breki, na fundi anayezitupa pedi za zamani kabla ya kuzisoma ametupa jibu.

Chomoa pini. Zinapaswa kutoka kwa vidole. Zifute, zisugue kutu kwa msasa laini, na kama zimechimbika uzibadilishe, kwa kuwa hazina bei kubwa. Ziwekee alama unapozitoa, kwa sababu katika kalipa nyingi pini moja ina kipande cha mpira mwishoni na nyingine haina, na ukizibadilishana zitakwama upya. Paka grisi ya breki niliyoitaja mwanzoni. Grisi ya kawaida ya bearingi ina mafuta ya petroliamu yanayovimbisha mpira, na baada ya miezi michache pini itashika kuliko mwanzo. Safisha pia njia ambamo masikio ya pedi hukaa, kwa kuwa kutu iliyo chini ya vibati vyake huibana pedi mpya hadi ikaingizwa kwa nyundo. Pedi inayohitaji nyundo kuingia haitaweza kurudi yenyewe.

Usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Lowesha kwanza kwa dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni, kwa sababu vumbi hilo si la kuvutwa na mapafu, na baadhi ya pedi za bei ya chini hazisemi zimetengenezwa kwa nini.

Hatua ya tano: diski, na uso wa habu ulio nyuma yake

Watu husema diski imepinda kwa joto. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba diski haikai sawa juu ya habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake), inayumba kidogo sana, na kila mzunguko pedi inagusa sehemu ile ile hadi pale panakuwa pembamba. Baada ya kilomita elfu chache unene unatofautiana, na mtetemo unaanza. Ndiyo maana diski iliyochongwa vizuri kwenye kerezo inarudia kutetemeka muda si mrefu: ilirudishwa juu ya habu yenye kutu.

Toa diski. Ikigoma, ina matundu mawili yenye nyuzi za skrubu ambamo utakaza bolti za milimita 8 kwa zamu hadi isogee. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, halafu sugua na uso wa ndani wa diski. Pima unene kwa maikromita sehemu kadhaa, ulinganishe na kiwango cha chini kilichochorwa kwenye diski yenyewe, kinachotanguliwa na herufi MIN. Diski iliyokaribia kiwango hicho haichongwi. Inabadilishwa pamoja na ya upande wa pili.

Nati za magurudumu zikazwe kwa niutoni mita 103, kwa mpangilio wa kuvuka, kamwe si kwa kuzunguka. Mashine ya upepo ya kukazia matairi, ikiachwa ifanye kazi peke yake, huivuta diski isivyo sawa. Nilikuwa na mteja aliyebadilisha diski za mbele mara mbili, na kila mtetemo uliporudi alikuwa ametoka kuziba pancha.

Breki ya mkono, kwa nyuma, ni viatu vidogo ndani ya kitovu cha diski. Pistoni ya nyuma inaporudishwa ndani husukumwa moja kwa moja, haizungushwi. Kama lever ya breki ya mkono inapanda sana, rekebisha gurudumu la meno kupitia tundu la diski kabla ya kukaza kebo.

Hatua ya sita: mafuta ya breki

Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa, na kwa watu wa pwani hilo linakwenda haraka zaidi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa kuchemka si chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinakuwa nyuzi 140. Gari lililobeba watu watano na mizigo ya Desemba, likiteremka mlima Kitonga kwa breki peke yake, linaweza kuzifikia nyuzi hizo. Mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na pedali inakwenda hadi sakafuni. Teremka kwa gia ndogo, na ubadilishe mafuta kila baada ya miaka miwili. DOT 4 yanachanganyika na DOT 3. DOT 5 ya silikoni hayafai hapa, na mafuta ya usukani yakiingia hata kidogo yanavimbisha raba zote za mfumo.

Anza kutoa upepo kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Usiache chombo kikauke, maana upepo ukiingia kwenye kitengo cha kuzuia magurudumu yasijifunge unaweza kuhitaji kompyuta ili utoke. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho. Katika masta silinda kuukuu, raba zikipita mahali pasipotumika kwa kawaida hukatwa na kutu.

Hatua ya saba: rudisha, zoesha, na urudi kukagua

Ukisharudisha kila kitu, pampu pedali hadi iwe imara kabla ya gari kusogea hata hatua moja, kwa sababu pistoni ulizozirudisha ndani ziko mbali na pedi na breki ya kwanza haitakuwapo. Kisha, kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa mara kumi bila kusimama kabisa, na uendeshe dakika chache bila breki ili zipoe. Baada ya kilomita 500 kaza tena nati kwa kipimo, fungua gurudumu moja la mbele, na ulinganishe pedi ya ndani na ya nje. Zikiwa zimelika sawa, pini zinateleza.