Namna ya Kulinganisha Nchi kwa Urari wa Malipo ya Kawaida

Orodha inayopanga nchi kwa ukubwa wa ziada au nakisi katika dola huvutia macho, lakini haimfikishi mbali anayetaka kuelewa uchumi wa nchi hizo. Kabla ya kulinganisha, ni lazima kujua kinachopimwa. Urari wa malipo ya kawaida, yaani hesabu ya mapokezi na malipo kati ya nchi na mataifa mengine, hujumlisha mambo manne: biashara ya bidhaa, biashara ya huduma, mapato ya msingi, yaani faida, gawio, riba na mishahara inayovuka mipaka, na mapato ya upili, ambayo kwa sehemu kubwa ni misaada na fedha ambazo watu walio ugenini huzituma kwao. Mapokezi yakizidi malipo nchi huwa na ziada, na malipo yakizidi huwa na nakisi. Wengi huuchukulia urari huu kuwa ni tofauti ya mauzo na manunuzi ya bidhaa pekee, na kosa hilo huharibu ulinganisho tangu mwanzo.

Chukua takwimu za nchi zote kutoka chanzo kimoja. Shirika la Fedha la Kimataifa linafaa zaidi, kwa sababu hukusanya takwimu za karibu nchi zote na kuzitoa Aprili na Oktoba kila mwaka. Angalia ni miaka ipi iliyo na takwimu halisi na ni ipi iliyo na makadirio, maana safu za mwisho za jedwali mara nyingi ni utabiri. Ukirudi nyuma sana, kumbuka pia kwamba kanuni za kuhesabu hubadilika: toleo la sita la mwongozo wa shirika hilo, la mwaka 2009, liliondoa katika bidhaa mali inayopelekwa nje kusindikwa bila kubadili mmiliki, na badala yake likahesabu malipo ya usindikaji kuwa huduma.

Hatua inayofuata ni kugawanya urari kwa Pato la Taifa na kuzidisha kwa 100. Nchi yenye nakisi ya dola bilioni 5 na pato la dola bilioni 50 ina nakisi ya asilimia 10. Nyingine yenye nakisi ya bilioni 20 na pato la bilioni 1,000 ina asilimia 2 tu, ingawa katika orodha ya dola ndiyo itakayoonekana kuwa na hali mbaya zaidi. Mwaka 2006 nakisi ya Marekani ilikuwa takribani dola bilioni 800, nayo haikuvuka sana asilimia 6 ya pato lake. Ile ya Ugiriki mwaka 2008 ilikuwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, lakini ilizidi asilimia 10 ya pato la nchi hiyo. Tumia Pato la Taifa lililobadilishwa kwa viwango vya soko vya fedha za kigeni, si lile lililorekebishwa kwa uwezo wa ununuzi, yaani kwa tofauti za bei kati ya nchi na nchi, kwa kuwa malipo ya nje hufanywa kwa bei za soko.

Mwaka mmoja hautoshi. Ziada ya Norwei ilipanda mno mwaka 2022 kwa sababu bei ya gesi ilipaa barani Ulaya, na anayeutazama mwaka huo peke yake atapotoka. Umoja wa Ulaya hutumia wastani wa miaka mitatu, na huanza kuuliza maswali nakisi inapozidi asilimia 4 au ziada inapozidi asilimia 6. (Mwenye ziada amepewa nafasi pana kuliko mwenye nakisi, kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa kisiasa zaidi kuliko wa kihesabu.)

Baada ya hapo fumua jumla, kwani nchi mbili zenye asilimia ileile zinaweza kuwa na sura tofauti kabisa. Mwaka 2022 Japani ilinunua bidhaa nyingi kuliko ilizouza, kutokana na gharama ya nishati na udhaifu wa yeni, lakini ikabaki na ziada kwa sababu ya mapato ya uwekezaji wake wa nje. Ufilipino huwa na nakisi kubwa ya bidhaa, ambayo sehemu yake hufidiwa na mapato ya huduma na fedha zinazotumwa na wafanyakazi walio nje. Ailandi ni kisa cha pekee: kampuni za kimataifa huvuruga takwimu zake kiasi kwamba ofisi yake ya takwimu hutoa pia urari uliorekebishwa. Kwa nchi kama hiyo, linganisha kwa kipimo kilichorekebishwa au iache nje ya jedwali.

Mwisho, usisome alama ya kujumlisha kuwa sifa wala ya kutoa kuwa aibu. Urari huu ni sawa na akiba ya nchi ukiondoa uwekezaji wake, hivyo nakisi inaweza kutokana na ujenzi wa viwanda au na matumizi yaliyozidi kipato. Kinachoamua ni namna inavyogharamiwa. Thailand ilikuwa na nakisi ya takribani asilimia 8 mwaka 1996, ikiegemea sana mikopo ya muda mfupi ya fedha za kigeni, na Julai 1997 ikashindwa kuishikilia thamani ya sarafu yake. Mwaka 1998 ilipata ziada ya zaidi ya asilimia 10, lakini ziada hiyo ilitokana na kuporomoka kwa uwekezaji na uagizaji. Australia, ambayo sarafu yake imeachwa kuelea, yaani thamani yake kuamuliwa na soko, tangu 1983, iliishi na nakisi kwa miongo kadhaa bila kupatwa na anguko la namna hiyo. Kwa hiyo, kando ya safu ya asilimia, weka safu za uwekezaji wa moja kwa moja, deni la nje la muda mfupi na akiba ya fedha za kigeni.

Tofauti ndogo zisikusumbue. Kinadharia urari wa nchi zote ukijumlishwa hupaswa kuwa sifuri, kwa kuwa mapokezi ya mmoja ni malipo ya mwingine, lakini takwimu zinazotolewa hazifiki hapo. Nchi mbili zikiachana kwa nusu ya asilimia, ziweke katika kundi moja.