Kompyuta moja, watu wawili kwa wakati mmoja
Una kompyuta ya mezani yenye nguvu? Usikimbilie kununua ya pili. Linux, mfumo endeshi kama Windows, inaweza kuigawa kwa watu wawili, kila mmoja na skrini, kibodi na kipanya chake, bila kulipia programu. Gharama iko kwenye kadi ya pili ya picha (kifaa kinachotuma picha kwenye skrini), hata ya mtumba. Matundu mawili ya skrini kwenye kadi moja kwa kawaida hayatoshi. Kwenye dirisha la amri (terminal), andika loginctl seat-status seat0 uone anwani za vifaa vya mtu wa kwanza (seat0), kisha uvihamishe vya mtu wa pili (seat1) kimoja kimoja kwa sudo loginctl attach seat1 ikifuatiwa na anwani ya kifaa. Ukivuruga, sudo loginctl flush-devices hurudisha vyote. Ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kabla ya kuwazia prosesa: vivinjari viwili vyenye tabo nyingi huimaliza upesi.