Kupanga njia za trafiki kwa mtoa huduma wa intaneti Mombasa: bei, kasi na uhakika

Mwongozo huu ni wa mtoa huduma wa kiwango cha kati, mwenye wateja kuanzia Likoni hadi Mtwapa, anayenunua tranziti (huduma ya kubebewa trafiki hadi intaneti nzima) kwa kampuni mbili. Tuchukue mfano wa trafiki ya Gbps 8 (gigabiti kwa sekunde) saa tatu usiku, majumbani watu wakitazama video.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua. Washa NetFlow au sFlow (zana za kurekodi trafiki inatoka wapi na kwenda wapi) kwenye ruta ya mpakani kwa wiki mbili, uone trafiki inatoka mitandao gani. Nyingi hutoka kwa kampuni chache za video na mitandao ya kijamii. Hiyo usiilipie tranziti: ichukue kwenye seva za akiba (zinazohifadhi nakala za video karibu na wateja) na kwenye kituo cha kubadilishana trafiki papa hapa Mombasa. Tuseme Gbps 5 zinaishia hapo. Unazonunua ni 3.

Hatua ya 2: Chora ramani ya kebo za baharini, si ya kampuni. Mtake kila muuzaji akuandikie trafiki yako inapita kebo gani na inatokea wapi. Kebo ya TEAMS huenda Fujairah, Falme za Kiarabu. Kebo za SEACOM na EASSy hushuka hadi Mtunzini, Afrika Kusini. Mei 2024 hizo mbili zilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, na miezi michache kabla yake kebo kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Kwa hiyo kandarasi mbili zinazotegemea bahari moja ni njia moja iliyolipiwa mara mbili. Kagua na nchi kavu: nyuzi zote mbili zikipita mtaro mmoja, tingatinga moja la barabara litazikata pamoja.

Hatua ya 3: Weka vipaumbele vya BGP, itifaki ambayo mitandao huambiana njia. Kwa local-preference (namba ya kipaumbele, kubwa ndiyo hushinda), wape wateja 400, kituo cha kubadilishana 300, tranziti nafuu (A) 200 na ya pili (B) 100. Chuja matangazo yako ili njia ulizopata kwa A zisivuje kwenda B.

Hatua ya 4: Vuta trafiki inayoingia. Hapa ndipo wengi hukwama. Vipaumbele vya hatua ya 3 huamua trafiki inayotoka tu, ilhali wateja wa nyumbani hupakua zaidi kuliko wanavyopakia. Unabadilisha namba, bili haisogei. Inayoingia huvutwa kwa matangazo: ukiwa na /22 (kundi la anwani linalogawika katika /24 nne), itangaze kwa A na B, kisha /24 mbili kati ya nne zitangaze kwa A peke yake, kwa kuwa tangazo la kundi dogo hushinda la kubwa. Kwanza hakikisha ROA yako (hati inayosema ni mtandao gani unaruhusiwa kutangaza anwani zako) inaruhusu urefu wa hadi 24. Bila hivyo, mitandao inayokagua RPKI (mfumo wa kuthibitisha hati hizo) itazitupa hizo /24. Kurudia namba ya AS yako (namba ya mtandao wako katika BGP) upande wa B, ili njia hiyo ionekane ndefu, husaidia pia, ila haiaminiki sana, kwa kuwa mtandao wa mbali unaweza kuwa na kipaumbele chake.

Hatua ya 5: Gundua hitilafu ambayo BGP haiioni. BFD (itifaki ya kukagua uhai wa linki) ya milisekunde 300 mara tatu hutambua linki iliyokufa chini ya sekunde moja. Bila BFD, unaweza kusubiri sekunde 90 au 180. Lakini kebo ikikatika mbali, kikao chako na ruta ya muuzaji hubaki hai, na zile /24 huendelea kuvuta trafiki kwenye njia iliyojaa. Tuma pakiti za majaribio Ulaya na Afrika Kusini kupitia kila linki. Upotevu ukizidi 1% kwa dakika 5, ondoa /24 kwa A. Usizirudishe mpaka pawe shwari kwa nusu saa, la sivyo njia zitayumba usiku kucha.

Hatua ya 6: Soma bili. Tranziti nyingi hutozwa kwa asilimia ya 95: vipimo vya kila dakika 5, kisha 5% ya juu huondolewa. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni saa 36. Kuhamia B kwa siku moja hakuongezi bili ikiwa B haikupanda wakati mwingine mwezi huo. Ukatikaji wa baharini huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo afikianeni mapema bei ya ziada. Kilele kinachodumu kwa muda wa saa tatu kila usiku ni jumla ya saa 90 kwa mwezi, hicho utakilipia.

Hatua ya 7: Zima A makusudi. Waarifu wateja, kisha jaribu saa tatu usiku. Alfajiri linki ya Gbps 2 itaonekana inatosha, kumbe mzigo wenyewe wa Gbps 3 haupo. B ikipoteza pakiti, ongeza uwezo wake kabla ya kujadili bei mpya ya A.