Una madeni na unaomba kibali cha usalama Marekani? Anza hapa

Wengi ninaowasaidia hapa Virginia ni watu wetu wa Afrika Mashariki waliokwisha kupata uraia wa Marekani na sasa wameitwa kazini, jeshini au kwa mkandarasi wa ulinzi (kampuni binafsi inayoifanyia kazi wizara ya ulinzi), kwenye kazi inayohitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Swali lao ni lile lile: "Kaka, hili deni si litaninyima kibali?" Linaweza. Lakini katika mafaili niliyoyashika, wengi waliponzwa na deni walilolificha.

Serikali ina sababu ya kuuliza. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 madeni yakiwa yamemzonga, akakamatwa 1994. Leo maombi hupimwa kwa vigezo 13 vinavyotumika tangu Juni 2017. Kigezo F kinahusu fedha. Kigezo E kinahusu mwenendo, na humo ndimo uongo unamokaa.

Hatua ya 1: Vuta ripoti zako za mikopo. Ingia AnnualCreditReport.com, ni bure, uchukue za kampuni zote tatu zinazotunza rekodi za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Usiridhike na moja, maana deni linaweza kuonekana huku lisionekane kule. Kodi usiitafute humo. Omba taarifa zako IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Hatua ya 2: Soma Sehemu ya 26 ya SF-86, fomu ya kuombea kibali, polepole. Inakurudisha nyuma miaka 7. Inauliza deni lililochelewa zaidi ya siku 120, hata kama umeshalilipa. Inauliza kodi ambayo hukulipa au hukuwasilisha hesabu zake. Inauliza pia deni la mtu uliyemdhamini, na hapa ndipo watu wetu wanapoteleza: ulimwekea binamu saini anunue gari, akaacha kulipa, nawe unaona hilo ni lake. Liandike.

Hatua ya 3: Anza kulipa kabla ya kutia saini fomu. Hawahitaji uwe umemaliza. Wanataka kuona nia njema: makubaliano na anayekudai, na risiti za kila mwezi. Kwa uzoefu wangu, dola 100 zilizolipwa miezi sita mfululizo zina uzito kuliko ahadi ya kulipa zote kesho. Kama chanzo kilikuwa nje ya uwezo wako (kuachishwa kazi, ugonjwa, talaka, msiba), weka ushahidi, na uonyeshe ulifanya nini baada ya hapo. Kutuma pesa nyumbani hakuna ubaya, nami natuma. Ila ukikopa kwa kadi ili kuchangia harusi, usitegemee hilo lipokelewe kama janga. Ukihitaji mshauri wa madeni, tafuta shirika lisilo la faida.

Hatua ya 4: Andika kweli kwenye fomu, kwa ufupi. Mfano: "Niliachishwa kazi Machi 2022, nikashindwa kulipa kadi. Nilirudi kazini Septemba, nikakubaliana na mdai, nimelipa miezi minane." Kama hukumbuki kiasi kamili, kadiria na uweke alama kuwa ni makadirio. Kudanganya kwa makusudi humo ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5.

Hatua ya 5: Kama umeshaficha, rekebisha leo. Kijana mmoja aliacha kutaja gari lililochukuliwa na benki, deni la dola 3,000 hivi. Mpelelezi alikuja na ripoti mkononi, akauliza, kijana akakana. Deni lile lingeelezeka. Kule kukana ndiko kulikomgharimu, na bado inaniuma kwa sababu alinipigia simu jioni ya siku hiyo, si asubuhi. Vigezo vinamtambua anayejisahihisha mwenyewe haraka, kabla ya kuwekewa ushahidi mezani. Ukishabanwa, nafasi hiyo imepita.

Hatua ya 6: Ukipata barua ya sababu za kukunyima, usikae nayo. Mfanyakazi wa mkandarasi wa ulinzi ana siku 20 kujibu. Kubali au kana kila tuhuma, moja moja, kwa kiapo, ambatisha risiti, na uombe kusikilizwa na jaji. Hapo tafuta wakili.

Ukishapata kibali, ukaguzi unaendelea siku zote, na deni jipya lililochelewa litaonekana. Mwambie ofisa wa usalama wa kazini kwako kabla mfumo haujamwambia.