Umehamia Mwanza? Hivi ndo unavyoenda na hali ya hewa ya huku

Ukifika Mwanza mwezi wa sita au wa saba utaambiwa ni kipupwe, alafu saa saba mchana unatokwa jasho unabaki unashangaa. Kipupwe cha huku ni cha usiku na asubuhi tu. Tuko karibu na ikweta ila Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndo maana usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 16 hivi na mchana ukapanda 28. Aliyetoka Mbeya atawacheka wenye masweta, wa Dar atalivaa mwenyewe.

Kwa hiyo makoti mazito achana nayo, pita Mlango Mmoja kwenye mitumba utafute sweta nyepesi ya kukunja kwenye begi, na kama unapanda boda saa kumi na mbili asubuhi ongeza jaketi la kuzuia upepo. Mafuta ya mgando pia, kiangazi vumbi linapasua midomo.

Sasa mvua. Wageni wanaangalia kalenda, huku unaangalia na saa. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja mjini, usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu unaenda kukutana huko ziwani na hapo ndo mawingu ya radi yanajijenga, mengine alfajiri yanatufikia. Ukiona kumetanda giza upande wa ziwa saa kumi na moja alfajiri, ama utoke chap ama utulie ndani mpaka ipite, maana ikishaanza boda wote wanajibanza chini ya mabaraza na atakayekubali kukubeba anataja bei anayojua yeye. Mara nyingi ikifika saa nne jua linawaka utadhani hakijatokea kitu, nguo anika muda huo, usizilaze kambani. Vaa yeboyebo, viatu vya ofisini viweke kwenye mfuko, vichochoro vya milimani vinateleza balaa. Na kama umepanda juu ya mawe makubwa ya huku kupiga picha, radi ikianza shuka, picha utapiga kesho.

Msimu wenyewe ni Oktoba hadi Desemba, alafu Machi hadi Mei, japo Januari na Februari nako huwa haikati kabisa.

Kama unavuka kwenda Ukerewe sikiliza utabiri wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanatoa mpaka hali ya upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria. Wenye mitumbwi wakisema ziwa limechafuka usibishane nao, ahirisha.

Nyumba ya kupanga nenda kaione mvua ikiwa imetoka kunyesha. Bondeni kando ya Mto Mirongo angalia ukutani kama kuna mstari wa tope, mlimani angalia maji yanapita wapi yakishuka, na popote pale inua macho uangalie silingi bodi kama ina madoa. Dalali hayo hakwambii.