Pima waya za data kabla hujafunga traka

Fundi mwenzangu wa umeme wa magari hapa Mombasa, unapofunga traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) au alamu, weka kando ile taa ya kupimia. Inavuta umeme mwingi kuliko waya za data zinavyohimili, na kompyuta ya gari inaweza kuungua. Chukua mita ya dijitali.

Waya za CAN, yaani zile za data zinazounganisha kompyuta za gari, huwa mbili, zimesokotwa pamoja. Rangi zisikudanganye, kila gari na zake. Washa swichi bila kupiga stata, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi. Waya moja itasoma juu kidogo ya 2.5, nyingine chini kidogo, na tarakimu zitachezacheza. Ukiona 12 imetulia tuli, hiyo si data. Halafu zima, chomoa betri, upime omu baina ya hizo mbili: ikisoma kama 60 umezipata, kwani ni vizuizi viwili vya omu 120 vilivyounganishwa sambamba. Usiruke hatua hii hata mteja akiwa na haraka.

Viungo visolde na uvifunike barabara. Chumvi ya pwani huotesha shaba ukijani upesi.